Neno "sahihi" na kazi ya wiki tatu iliyopotea

Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika maelezo ya kikaguzi chetu cha repo (folda zinazohifadhi msimbo wa programu pamoja na historia yake), nilimwambia kiongozi wa timu kuwa Ijumaa nitakuwa nimemaliza. Ilinichukua karibu miezi miwili. Katikati ya miezi hiyo, kijana mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alipoteza kazi yake ya wiki tatu kwa sababu aliamini sentensi niliyoiandika mimi. Namwandikia yeyote atakayepewa kazi kama ile, ya kueleza programu ndogo ambayo kila mtu anadhani inajieleza yenyewe.

Tulikuwa Dar es Salaam, ofisi ya watu wasiofika ishirini, tukitengeneza mifumo ya maduka ya dawa, shule na vyama vya akiba na mikopo. Miradi ilikuwa imezagaa. Mingine ilikuwa kwenye seva, mingine kwenye laptopu za watu, mingine kwenye diski za nje zilizolala kwenye droo bila lebo. Ofisi ilipoamua kubadilisha kompyuta zote kwa mkupuo, ikabidi kwanza tujue kila folda ina nini, na kila mfanyakazi aikague mashine yake kabla ya kuikabidhi. Mwenzetu mmoja aliyebobea kwenye Linux akaandika programu fupi, kama mistari mia mbili. Unaipa folda, inapita ndani yote, na kwa kila folda ndogo inasema kama ni hifadhi sahihi ya msimbo, yaani repo ya Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo), au siyo. Tukaiita kikaguzi. Mwenyewe akahamishiwa mradi mwingine, mimi nikaambiwa niandike maelezo ili watu waanze kuitumia.

Nilikuwa nimeitumia Git miaka mingi. Basi nikakaa chini nikaandika bila hata kuufungua msimbo wa kikaguzi chenyewe. Sentensi zangu mbili za mwanzo zilikuwa hizi: "Kikaguzi hutafuta folda ya .git. Kikiipata, folda hiyo ni repo sahihi." Zote mbili hazikuwa kweli, na hakuna aliyeziona kuwa na tatizo kwa sababu sote tulikuwa na picha ileile kichwani.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds Aprili 2005, haitazami jina la folda peke yake. Inapotaka kujua kama mahali fulani ni repo, inaangalia vitu vitatu: faili la HEAD (linaloonyesha uko wapi kwenye historia) ambalo maandishi yake inayaelewa, folda ya objects (yenye yaliyohifadhiwa), na folda ya refs (yenye majina ya matawi ya kazi). Hiyo .git ni mahali ambapo kwa kawaida vitu hivyo hukaa, lakini si lazima. Kwenye seva yetu kulikuwa na repo zisizo na faili za kufanyia kazi, zenye historia peke yake. Ofisini tulikuwa tukiziita repo kavu, kama chai kavu. Ndani yake huoni .git popote, kwa kuwa HEAD, objects na refs zimekaa wazi hapo juu. Upande mwingine, mradi ulioingizwa ndani ya mradi mwingine unaweza kuwa na .git ambayo ni faili la maandishi la mstari mmoja, unaoanza na "gitdir:" na kutaja mahali repo halisi ilipo. Dada mmoja wa timu ya shule alisoma ukurasa wangu, akatazama folda yake, akaona .git ni faili dogo la maandishi, akadhani limeharibika, akalifuta. Tulilirudisha kwa dakika tano kwa kuuandika upya ule mstari mmoja. Nilipaswa kushtuka siku ile. Niliongeza tu aya ya "angalizo" mwishoni mwa ukurasa, mahali ambapo watu hawafiki.

Kosa la pili lilikuwa letu sote, ila mimi ndiye niliyelichapa. Toleo la kwanza la kikaguzi lilikuwa likiendesha `git rev-parse`, amri inayoiuliza Git kama hapo ni repo, ndani ya kila folda, kisha linatafuta kwenye jibu maneno "not a git repository". Yasipoonekana, linaandika "sahihi". Tuna mwenzetu anayefanya kazi akiwa Lubumbashi, na kompyuta yake iko kwa Kifaransa. Git huzungumza lugha iliyowekwa kwenye kompyuta. Basi kwake yale maneno ya Kiingereza hayakuonekana hata mara moja, na kikaguzi kikampitishia kila kitu: folda ya picha za harusi, folda ya muziki, folda ya risiti. Alinipigia simu akiwa mpole kabisa. "Ndugu yangu, ukurasa wako unasema niziamini folda hizi. Nifanyeje?"

Kwa anayeandika programu ya namna hii, usisome maneno ya programu nyingine kama unaweza kusoma namba yake ya kumalizia. Git ikikuta si repo hurudisha 128, iwe inazungumza Kifaransa au Kichina. Na kama ni lazima usome maneno, iendeshe kwa `LC_ALL=C` ili lugha isibadilike. Tukarekebisha. Nikabadilisha ukurasa.

Siku chache baadaye kikaguzi kikaendeshwa usiku kwenye seva kwa akaunti ya mfumo, na asubuhi kikatuletea orodha: repo kumi na nne za wateja "si sahihi". Moyo wangu ulinienda mbio. Zote zilikuwepo, zote zilifunguka nilipoingia kwa akaunti yangu. Ilitokana na ulinzi ulioingia kwenye Git 2.35.2, Aprili 2022: ukikuta repo inayomilikiwa na mtumiaji mwingine, Git inakataa kuifungua na kukuonya kuwa umiliki wake unatia shaka. Kukataa huko nako hurudisha 128. Kwa hiyo namba ileile ilikuwa inasema mambo mawili yasiyohusiana, "hapa hapana repo" na "hapa ipo lakini siigusi".

Hapa nilifanya jambo ambalo bado linaniuma. Nilitafuta dawa ya haraka, nikaiona, nikaiandika kwenye ukurasa kwa herufi nzito: weka `safe.directory`, orodha ya folda ambazo Git iziamini, kuwa nyota, yaani zote, Git itaacha kulalamika. Ni kweli itaacha. Lakini ulinzi ule uliwekwa kwa sababu kwenye mashine inayotumiwa na watu wengi, mtu anaweza kukuwekea repo yenye mipangilio inayoendesha amri zake kwa jina lako. Nilikuwa nimewaambia watu karibu ishirini wazime kitasa cha mlango kwa sababu kilikuwa kigumu kufungua. Fundi wetu alipouona ukurasa alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akanieleza kwa utulivu. Tukaifuta ile sentensi, tukaandika namna ya kutaja folda moja moja zinazoaminika. Tangu hapo siandiki dawa yoyote kwenye maelezo kabla sijajua ugonjwa inaoutibu ulikuwa unazuia nini.

Sasa nifike kwa yule kijana.

Alikuwa na mradi wake peke yake, sehemu ya kuhesabu dawa zinazokaribia kuisha muda. Alikuwa hajapewa akaunti ya seva. Aliiomba wiki ya kwanza, ikasahaulika, naye kwa heshima hakuuliza tena. Kwa hiyo kazi yote ilikuwa kwenye laptopu aliyoazimwa. Siku ya kukabidhi mashine za zamani akainakili folda ya mradi kwenye diski ya nje. Wakati inanakili umeme ukakatika. Laptopu ile betri yake ilishakufa zamani, ikazimika pale pale. Umeme uliporudi akawasha, akaona folda ipo kwenye diski, akaifungua, akaona majina yote ya faili yamo. Hakutaka kubahatisha, ndipo akafanya kile ambacho ofisi ilimwambia afanye: akaendesha kikaguzi kwenye ile nakala. Kikajibu "sahihi". Akafungua ukurasa wangu kujua maana yake, akasoma: "Ikisema sahihi, repo yako iko salama na unaweza kufuta nakala ya zamani." Akafuta. Jioni ile laptopu zikasafishwa kwa ajili ya kupelekwa idara nyingine.

Jumatatu alikuja kwangu amesimama tu, mikono nyuma. "Kaka, mbona inaniambia faili ni tupu?"

Nilikaa kwenye kiti chake. Git inahifadhi kila kitu ndani ya objects, kwenye vifolda vyenye majina ya herufi mbili, na ndani yake faili zenye majina marefu ya herufi thelathini na nane. Nikaingia kifolda cha kwanza nikaandika `ls -l`. Majina yamo, tarehe zimo, na kwenye safu ya ukubwa: 0. Nikaingia cha pili. 0. Cha tatu kilikuwa na faili moja nzima na mbili tupu. Nilisogeza macho chini ya ile safu ya sifuri nikijua kabisa kilichotokea. Mfumo ulikuwa umeshaandika majina kwenye diski, ila yaliyomo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kompyuta umeme ulipokatika. HEAD ilikuwepo na maandishi yake yalisomeka. Objects ilikuwepo. Refs ilikuwepo. Kwa vipimo vile vitatu, ilikuwa repo. Kikaguzi hakikusema uongo. Sentensi yangu ndiyo iliyosema uongo, kwa sababu niliongeza neno "salama" ambalo hakuna mstari hata mmoja wa programu ile uliokuwa ukilipima.

Tulihangaika naye siku tatu. Nitaeleza tulichofanya, kwa sababu ndicho ningependa mtu aliyefikwa na jambo hili akikute. Kwanza tuliinakili folda nzima, na ile iliyoharibika hatukuigusa tena. Kila jaribio lilifanyika kwenye nakala. Kisha tulizifuta faili zote tupu ndani ya objects, kwani faili tupu halina cha kuokolewa na linazuia Git kwenda mbele. Tukaendesha `git fsck --full` kujua nini kinakosekana. Tukafungua `.git/logs/HEAD`, faili la kawaida la maandishi linaloorodhesha kila komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa kwenye Git) iliyopita kwenye mashine hiyo, tukapanda mstari mmoja baada ya mwingine kutoka chini kwenda juu hadi tulipopata komiti ambayo vitu vyake vyote vipo. Ilikuwa ya siku yake ya tatu kazini. Baadhi ya faili za kazi zilikuwa zimepona kwenye diski, na nyingine alikuwa amemtumia msimamizi wake kwa WhatsApp. Sehemu kubwa aliiandika upya. Ofisi ilimwongezea muda, nami nilikaa naye jioni nyingi, lakini alikuwa na ripoti ya chuo ya kuwasilisha na akaiwasilisha pungufu.

Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Hapana kaka, ni umeme." Lakini haukuwa umeme peke yake, na sikutaka aondoke akiamini hivyo, kwa hiyo nikamfungulia ukurasa nikamwonyesha ile sentensi.

Baada ya hapo tuliketi wanne: mimi, fundi aliyeandika kikaguzi, kijana mwenyewe, na dada wa uhasibu aliyekuja kwa sababu naye alikuwa na mashine ya kukabidhi. Swali lilikuwa moja, nalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: hiki kikaguzi kikisema ndiyo, kinaahidi nini hasa?

Hapo ndipo Kiswahili kilipotusaidia kuliko nilivyotarajia. Ndani ya programu neno lilikuwa la Kiingereza, "valid", nami nililitafsiri "sahihi" bila kufikiri. Dada wa uhasibu akasema yeye aliposoma "repo sahihi" alidhani ni repo yenye sahihi, iliyotiwa saini na mtu. Na hakukosea, maana komiti za Git zinaweza kutiwa saini kweli. Mtu akapendekeza "halali". Tukaona halali inafaa leseni au hati ya kiwanja, mahali ambapo kuna mamlaka inayoidhinisha, na hakuna anayeidhinisha folda. Kijana ndiye aliyesema, taratibu, "Mimi nilitaka kujua kama ni nzima."

Nzima. Neno hilo hukubali mambo mawili kwa pamoja, kwamba hakuna kilichopungua na kwamba kitu kiko hai. Yai viza ukilitazama kwa nje ni yai kamili, lina ganda na umbo na uzito, na bado si zima. Kikaguzi chetu kilikuwa kinatazama ganda. Na alipolitaja neno hilo tukaona kuwa lile neno moja la Kiingereza lilikuwa limefunika maswali matatu yenye majibu tofauti.

La kwanza: je, Git inaitambua? Hilo hujibiwa na vile vitu vitatu, kwa nukta ya sekunde. La pili: je, ni nzima? Hilo hujibiwa na `git fsck`, ambayo hufungua kila kitu kilichohifadhiwa na kuhakikisha kinafungamana na wenzake. Kwenye mradi wetu mkubwa na mashine ya zamani ilichukua karibu dakika ishirini. La tatu: je, nakala iliyoko kwenye seva inafikika? Hilo hujibiwa na `git ls-remote`. Tukakubaliana kikaguzi kiache neno "sahihi" kabisa. Sasa kinasema inatambulika, nzima, inafikika, kila moja peke yake, na asiyeomba kipimo cha pili haambiwi chochote kuhusu uzima.

Tukaongeza jibu ambalo programu nyingi hazinalo: "haijulikani". Git ikikataa kufungua kwa sababu ya umiliki, au diski ikitolewa katikati ya ukaguzi, au ruhusa ikikosekana, kikaguzi kinasema hakijui na kinarudisha namba yake pekee. Kwetu 0 ni kuwa vipimo vyote ulivyoomba vimepita, 1 ni kuwa si repo, 2 ni kuwa inatambulika lakini ina kasoro, 3 ni kuwa haikuweza kujulikana. Namba hizi zimeandikwa juu ya ukurasa. Ukiandika maelezo ya programu ya kukagua kitu chochote, ziandike mapema, kwa sababu atakayeisoma zaidi ni skripti ya mtu mwingine, na skripti haisomi sentensi zako nzuri.

Kipimo cha tatu kilitufundisha namna ya kuandika "hapana" kwa uaminifu. Ukiuliza GitHub, tovuti ya kuhifadhi repo, kwa HTTPS kuhusu repo ambayo haipo, inakuomba jina na nenosiri, sawasawa na inavyofanya kwa repo ya siri ambayo ipo. Haitaki kukufichulia ipi ni ipi. Kwa hiyo programu haiwezi kusema "haipo". Inaweza kusema "haifikiki kwa akaunti hii", basi, na ndivyo tulivyoandika. Pia weka `GIT_TERMINAL_PROMPT=0` kwenye skripti yoyote inayoendeshwa usiku. Bila hiyo Git inaweza kusimama ikingoja mtu aandike jina, na hakuna mtu. Yetu ilingoja hadi asubuhi.

Kuandika upya ukurasa kulichukua wiki mbili, na sehemu iliyonifunza zaidi haikuwa kuandika. Nilimwomba dada wa uhasibu akae kwenye mashine yake afuate maelezo hatua kwa hatua, mimi nikae nyuma yake nisiseme neno. Ilikuwa vigumu sana. Hatua ya kwanza niliandika amri ikitanguliwa na alama ya dola, kama ilivyo desturi kwenye miongozo mingi. Akaiandika na alama ya dola, kompyuta ikakataa. Akaangalia karatasi, akaangalia kioo, akaandika tena herufi moja moja, na dola. Nilikuwa nimekunja vidole. Hatua ya tatu ilisema "ingia kwenye mzizi wa mradi". Akageuka. "Mdogo wangu, mzizi ndio wapi?" Nilikuwa nimetafsiri lugha yetu ya kazini nikadhani nimeandika Kiswahili. Sasa pameandikwa "folda ya juu kabisa ya mradi, ile yenye jina la mradi", na alama za dola zimeondoka ukurasa mzima.

Alikwama mara tisa, nikaziandika zote tisa. Mojawapo ilikuwa jibu la `git fsck` lenye neno "dangling". Yeye na kila aliyemfuata walidhani ni uharibifu. Ni vitu vilivyobaki bila kuunganishwa na tawi lolote, kwa mfano baada ya kufuta tawi au kurekebisha komiti, na havina madhara. Kinachotisha ni "missing" na "corrupt". Maelezo yasiyosema hilo yatawafanya watu wafute vitu vizima kwa hofu.

Mifano yote ya ukurasa sasa inatoka kwenye folda halisi tunazozitengeneza kwa makusudi: repo kavu, repo mpya isiyo na komiti hata moja, yenye .git ya faili, iliyonakiliwa kwa historia fupi, na iliyoharibika. Ile mpya isiyo na komiti ina mtego, kwani `git rev-parse HEAD` inashindwa ndani yake ingawa repo haina kasoro, na programu nyingi huiita mbovu. Iliyonakiliwa kwa historia fupi itapita kipimo cha uzima, lakini kama unategemea kuwa ndiyo nakala yako pekee ya miaka mitano, ujue haina miaka hiyo. Amri ya `git rev-parse --is-shallow-repository` itakuambia. Kutengeneza iliyoharibika ni rahisi, kumwaga tu yaliyomo kwenye faili moja la objects, ila Git huzifunga faili hizo zisiandikwe, kwa hiyo unaanza na `chmod u+w`. Kila kikaguzi kinapobadilishwa, mifano inaendeshwa yenyewe, na jibu likitofautiana na lililo kwenye ukurasa tunazuiwa kutoa toleo.

Gharama niziseme. Kazi niliyoiahidi kwa siku nne ilikula siku zangu zaidi ya thelathini za kazi, na mradi mmoja wa mteja ulichelewa kwa sababu hiyo. Ofisi ilinunua UPS nne. Utaratibu ukabadilika: anayeanza kazi anapewa akaunti ya seva siku ya kwanza kabla hajapewa kiti, na hakuna mashine inayosafishwa kabla ya siku saba kupita. Hayo mawili ya mwisho si maelezo ya programu, lakini yameandikwa ndani ya ukurasa uleule, kwa sababu anayeusoma anakuja akiwa na swali moja, kama anaweza kufuta.

Jibu la swali hilo ndilo linaloufungua ukurasa sasa. Aya ya kwanza inasema kikaguzi hakimwambii mtu yeyote afute kitu, na inataja mambo ambayo hakipimi: faili ambazo bado hazijakomitiwa, mabadiliko ambayo hayajapandishwa kwenye seva, na afya ya diski yenyewe. Aya ya pili, ya namna ya kuokoa repo yenye faili tupu, aliiandika yule kijana wiki yake ya mwisho kwetu. Nilibadilisha nukta mbili tu. Hatua yake ya kwanza imebaki kama alivyoiandika: "Usifanye chochote. Nakili folda nzima kwanza, kisha mwite mtu."